Somo: Kumfundisha kutembea mtoto anayeyumba. Shika kiuno, acha mikono

Habari zenu wazazi na walezi wa kundi letu. Somo la leo ni la wale ambao mtoto wao hamu ya kutembea anayo na miguu inakanyaga vizuri, lakini akisimama dede anapepesuka, akipiga hatua mbili anakaa chini puu. Kazi yangu ni fiziotherapia hapa Tanga. Kuanzia Makorora hadi Pongwe, nyumba nyingi ninazoingia nakuta jambo moja: mama au dada amesimama nyuma ya mtoto, amemwinua mikono yote miwili juu ya kichwa, anamtembeza uani. Miguu inakwenda, mtoto anacheka, watu wanapiga makofi. Lakini anayezuia mwili usianguke hapo ni mama. Mtoto ananing'inia tu.

Mwili hujifunza kujizuia pale unapoyumba kidogo kisha ukajirudisha wenyewe. Mtoto asiyeachiwa ayumbe hapati nafasi hiyo. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zina lengo moja: msaada ushuke na upungue. Utoke kwapani uje kifuani, ushuke kiunoni, uwe kitambaa, kisha uondoke.

Kwanza aonwe

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani na kutolewa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Uwanja ni mpana, kwa hiyo mtoto wa miezi 13 ambaye bado anatambaa asikunyime usingizi. Aliyevuka miezi 18 bila kutembea apelekwe, hata kama shangazi wanasema baba yake naye alichelewa. Anzia kliniki ya watoto iliyo karibu nawe, na ukihitaji zaidi utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo.

Sababu za kuyumba ni nyingi na hazifanani. Kuna mtindio wa ubongo, yaani ubongo kuumia mapema na kuathiri mwendo, ambao unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Kuna kichwa kujaa maji. Kuna watoto wenye ugonjwa wa Down, ambao viungo vyao ni vilegevu na wengi hutembea karibu na miaka 2 au baada ya hapo. Kuna matatizo ya macho, ya sikio la ndani, na ya ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayoratibu mwendo.

Usisubiri wala usianze zoezi lolote ikiwa mtoto alikuwa anatembea akaacha, kichwa kinakua haraka, anatapika asubuhi mara kwa mara, au anapata degedege. Huyo ni wa daktari kwanza.

Hatua ya 1: Kukaa kwenye kigoda

Najua mmekuja kwa ajili ya kutembea, lakini kiwiliwili kisichotulia kikikaa hakitatulia kikisimama. Tafuta kigoda ambacho mtoto akikalia nyayo zote mbili zinagusa sakafu na magoti yanakunjika pembe mraba. Mshike nyonga. Weka kitu anachokipenda pembeni, mbali kidogo kuliko mkono wake unapofika. Anyooke akichukue, kisha arudi katikati. Angalia pale anaporudi, maana kurudi ndiko kunakofanya kazi. Badilisha upande, kisha weka kitu juu, chini, na nyuma ya bega.

Hatua ya 2: Kuinuka na kushuka

Kutoka kwenye kigoda hichohicho, rudisha nyayo zake nyuma kidogo chini ya magoti. Mwite kwa mbele ili ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Watoto wengi wanaoyumba hujaribu kuinuka wakiwa wima, wakaangukia mgongo. Kushuka nako kuwe polepole, asijibwage. Kushuka polepole ni kugumu kuliko kuinuka, na ndiko kunakokaza mapaja.

Hatua ya 3: Kona ya chumba

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji senti. Msimamishe mtoto mgongo ukielekea kona ya chumba, kuta mbili zikimkinga kulia na kushoto. Visigino viache nafasi ndogo na ukuta, kama upana wa kiganja chako. Mbele yake weka kiti chenye vitu vya kuchezea. Usimshike. Akiyumba nyuma, ukuta utampokea. Akiyumba mbele, kiti kipo. Mwanzoni ataegemea ukuta muda wote, mwache. Siku zikienda utaona mgongo unaachana na ukuta kwa kitambo kifupi, kisha kirefu zaidi, naye mwenyewe hajui kama amesimama. Hapo kaa kimya. Wazazi wengi hupiga vigelegele wakati huo, mtoto anageuka kutazama, anaanguka.

Akizoea, mpe kitu cha kushika kwa mikono miwili, mpira au sufuria ndogo, ili mikono isitafute pa kushika.

Hatua ya 4: Baraza

Wenye nyumba za Ngamiani na mitaa ya zamani mmebahatika, kifaa mnacho mlangoni. Baraza ya saruji inayomfikia mtoto kati ya kitovu na kifua inafaa kabisa. Kwa mtoto mrefu tumia kitanda au meza isiyosogea. Aishike kwa mikono miwili, atembee ubavu kufuata kitu unachokisogeza. Akienda kulia, mrudishe na kushoto, kwa sababu wengi wana upande wanaoukwepa na ndio unaohitaji mazoezi zaidi.

Kisha weka kiti mkabala na baraza, nafasi ya hatua moja. Ageuke, aachie huku ashike kule. Sogeza kiti kidogokidogo. Hatua za kwanza za watoto wengi huzaliwa kwenye uwazi huo.

Hatua ya 5: Mirunda miwili sambamba

Chimbia uani nguzo fupi nne, ulaze juu yake mirunda miwili au mianzi minene, urefu wa mita 2 hadi 3. Piga msasa mpaka pasibaki kibanzi, na hakikisha hakuna msumari uliotokeza. Kimo na upana nimeeleza kwenye maswali. Mtoto apite katikati akisukuma mti kuelekea chini kwa viganja. Akianza kujivuta kwa kuukumbatia mti kwa mikono, umeweka juu mno.

Hatua ya 6: Kusukuma kizito

Kiti cha plastiki kilaze, mgongo wa kiti ukiwa sakafuni, uweke ndani mfuko wa mchanga. Mtoto asukume. Uzito ndio siri: kiti chepesi kinakimbia mbele, naye anakifuata kwa uso. Kwa mtoto ambaye mikono na mwili vinatikisika anapolenga kitu, uzito humtuliza hata zaidi.

Hatua ya 7: Kuachia

Kunja kanga iwe mshipi mpana, uizungushe kiunoni, ushike ncha zote mbili nyuma. Kanga isimvute juu, ilegee. Inakaza pale tu anapoanguka. Tembea nyuma yake, umechuchumaa au umekaa kwenye kigoda ukijisogeza, ili mkono wako ubaki usawa wa nyonga zake. Mtu mwingine akae mbele, hatua 3 au 4, macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto. Mtoto akitazama juu sana anaegemea nyuma.

Baadaye mpe kipande cha kamba ashike ncha moja, wewe nyingine. Kamba haishikilii mtu, lakini kwake ni kama mkono wako. Siku utakayoona kamba imelegea na yeye anaendelea, iache ianguke bila kusema neno.

Hatua ya 8: Kuanguka, na ardhi nyingine

Mfundishe kuanguka juu ya godoro: mikono mbele, magoti yakunjwe. Kisha aende kwenye sakafu, udongo mgumu, nyasi. Mchanga wa Raskazone uwe wa mwisho, maana unazama chini ya mguu.

Muda: dakika 10, mara 3 kwa siku, akiwa ameshiba kiasi na hana usingizi. Bora kidogo kila siku kuliko saa nzima siku ya Jumapili huku analia.

Maswali ya wanachama

Mama kutoka Pongwe: *Shikamoo dada. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi saba. Nimemnunulia kile kigari cha matairi anachokaa katikati, anakimbia nacho nyumba nzima. Si kinamsaidia?*

Marahaba mama. Nakushauri ukitoe. Ndani ya kigari mtoto amekalia kitambaa, nyonga zimeshikiliwa, anasukuma kwa ncha za vidole na haoni mguu wake. Hakuna anachokisawazisha. Zaidi ya hapo ni hatari karibu na ngazi na jiko la mkaa. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha. Tumia hatua ya 6 badala yake. Na kwa kuwa amevuka miezi 18, mpeleke kliniki wiki hii.

Bibi wa Chumbageni: *Mwanangu, zamani tulimfukia mtoto mchangani pwani mpaka kiunoni, miguu ikakaza. Na kumkanda mafuta ya nazi. Mnayaachaje?*

Shikamoo bibi. Kumkanda endelea, kwa mkono mwepesi. Mtoto anatulia na ngozi inafaidika, ingawa uwezo wa kujisawazisha hauji kwa kukandwa. Kumfukia nakuomba tuache. Mchanga unamshikilia pande zote, kwa hiyo misuli inapumzika badala ya kufanya kazi. Jua likiwa kali unachoma ngozi, na mtoto ambaye miguu haihisi vizuri hatasema kuwa anaungua. Ukitaka pwani, mkalishe pale maji yanapokufa, acheze na mawimbi madogo yakimsukuma huku umemshika nyonga. Hiyo ni hatua ya 1 kabisa.

Fundi wa Mabokweni: *Hiyo mirunda iwe kimo gani na upana gani? Nataka kuanza kesho.*

Msimamishe mtoto wima, mikono ikining'inia. Mti ufike kwenye kifundo cha mkono au juu yake kidogo, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Upana: nyonga zake, ongeza vidole vinne kila upande. Mti uwe wa unene anaoweza kuuzungushia vidole. Usiupigilie misumari moja kwa moja, ufunge kwa kamba au uupitishe kwenye matundu, maana baada ya miezi kadhaa utahitaji kuupandisha.

Baba wa Mwanzange: *Wetu ana miaka 5, ana mtindio wa ubongo. Hajawahi kukaa bila kuegemezwa. Tukifuata hatua hizi atatembea?*

Pole baba, na asante kwa kuuliza waziwazi. Nakujibu hivyohivyo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekaa mwenyewe anapofika miaka 2 ana nafasi nzuri ya kutembea. Asiyekaa mwenyewe kufikia miaka 4, nafasi hiyo inakuwa ndogo sana. Wataalamu hutumia madaraja 5 ya uwezo wa mwendo, yaliyochapishwa mwaka 1997, ili familia ijue ielekeze nguvu wapi. Omba mtaalamu akuambie mwanao yuko daraja gani.

Kwake yeye hatua ya 1 na fremu ya mbao ya kumsimamishia zina faida kubwa: nyonga, mifupa, kupumua, choo. Na mtafutie kiti cha magurudumu kinachomtosha, chenye mgongo na mkanda. Kukipata si kukata tamaa. Mtoto aliyekaa vizuri anaona watu usoni, anakula bila kupaliwa, anakwenda shule. Shule ni haki yake kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na umri wake umefika.

Shangazi wa Sahare: *Wa kwetu alikuwa akitembea vizuri. Tangu juzi, baada ya homa, anatembea kama mlevi na mikono inatetemeka. Tuanze hatua ya ngapi?*

Hakuna hatua hata moja, shangazi. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho. Kuyumba kwa ghafla baada ya homa kunahitaji daktari amwone sasa. Semeni siku kamili ilipoanza, dawa alizotumia, na kama kuna dawa nyumbani anayoweza kuwa ameinywa bila ninyi kujua. Mkifika, niandikieni.

Dada anayelea mtoto wa kaka yake, Ngamiani: *Avae viatu au miguu mitupu?*

Ndani ya nyumba miguu mitupu, unyayo unapata habari za sakafu. Nje kiatu chenye kisigino kigumu na soli isiyoteleza, kandambili hapana. Kama kifundo kinalalia ndani au anatembea kwa vidole muda wote, ulizia kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu. Kinatengenezwa kwa kipimo cha mguu wake, kwa hiyo usiazime cha mtoto wa jirani.