Moto ya zamani yenye ingali orijinale: vile utainunua na vile utaichunga hapa L'shi

Kama unatafuta Yamaha AG 100, DT 125, Suzuki A100 ama Honda XL ya miaka ya 70 na 80 hapa Lubumbashi, usianzie ku parking ya benye kuuzisha mamoto. Kule utakuta zile zilishapigwa pistole, kiti ya skayi mpya, gido ya Boxer, bei juu sababu inaangaza. Zenye hazijaguswa zinalalaka mu madepo ya paruwasi na mamisioni, ku bapapa ba pansio ba Gécamines kule Likasi na Kipushi, ku manesi na baagronome benye balikuwa banazunguka mavijiji. Mtu wa hivyo hawekake tangazo ku Facebook, lazima uende, usalimie, ukunywe maji, uulize batoto banaendelea namna gani, halafu njo moto inaingia mu mazungumuzo, na ukionesha haraka papa atakuambia haiuzishwe.

Kwa mwanzo mi ningesema kamata AG. Yamaha iliitengeneza kwa kazi ya shamba: shene iko imefungwa yote ndani ya boksi yake, portibagaje mbele na nyuma, bekiye mbili, ya kushoto na ya kuume, na kuko ka-levye ka kufunga ambreyaje ili ushuke na moteri ingali inawaka. Haina urembo lakini inavumilia. Kama uko na bahati ya ajabu utakuta FN, Saroléa ama Gillet, zote tatu za Herstal kule Ubelgiji, na karatasi zimeandikwa Elisabethville, ni kusema za mbele ya 1966. Ile ukiiona nipigie mimi kwanza, hahaha.

Sasa kuko jambo moja bantu banafanyaka kichwa chini miguu juu: banalipa sana juu moteri inawaka, halafu banadharau yenye imezima lakini iko kamili. Moteri ya 2T (deux temps, yenye inachoma mafuta pamoja na esansi) ya silinda moja, mekanisie muzuri wa Katuba ama wa komini ya Kenya anaifungua na anaifunga, pistoni na masegima vinatafutwa vinapatikana, silinda inapelekwa ku turneri. Rangi ya usine hairudie. Maotokolan ya tanki, kontere na kioo yake, vifuniko vya pembeni vya plastiki, eshapema ya kwanza, ile yote ukikosa utaanza kutafuta paka Japani na Ulaya, na usafiri wa pyesi utapita bei ya pyesi yenyewe. Kwa hiyo siku ya kununua hesabu vipande, mulio ya moteri isikudanganye.

Namba ya chasi imepigwa ku shingo ya gido, ya moteri ku karteri. Safisha na kitambaa na esansi kidogo, uzisome na tochi. Ku Honda njo rahisi kabisa, kwa mfano CG125: chasi inaanza na CG125, moteri inaanza na CG125E, basi ukikuta moteri inaanza na kitu kingine ujue ilitoka ku moto ingine. Pale pa namba pakiwa palisuguliwa na tupa ama palichomewa, uage papa kwa heshima, uende, hata bei ikuwe ya zawadi.

Kisha kamata kasumaku kadogo, ukafunge mu kitambaa kasikwaruze, ukapitishe ku tanki na ku gardebu. Pale kanakataa kushika, chini ya rangi kuko mastiki. Angalia tena vichwa vya visi. Mashini ya Japani ya ile myaka iko na visi za krusi za norme JIS (ya Japani), si Phillips (krusi ya kawaida), mara mingi unaona ka-pointi kadogo pembeni ya krusi, na turnavisi ya soko inaruka inakula kichwa. Moto yenye visi zake zingali na pembe kali, ama haijafunguliwa ao ilifunguliwa na mutu mwenye akili. Yenye vichwa vyote vimepasuliwa na burin, weee, ndani yake ogopa. Karburateri nayo inaongea: Yamaha na Suzuki za kwanza zinabebaka Mikuni, Honda Keihin, ukiona ya Kichina bila jina basi ile ya kwanza iliuzishwa kitambo.

Moteri yenyewe usiipigie kiki mara moja. Toa buji, angusha matone ya mafuta mu silinda, isukume kiki na mukono polepole. Ikizunguka bila kukwaruza, rudisha buji usikie kama inakataa kidogo, ile kukataa njo kompresio. Kama inawaka, iache ipate moto. Ku 2T, ralanti ikipanda yenyewe na ikikawia kushuka, mara mingi ni spi (joint ya mpira yenye kuzunguka shafti) ya upande wa volan (gurudumu ya manyeto) yenye inaingiza hewa. Ikitoa moshi nyingi yenye kunuka mafuta ya boksi na mafuta ya boksi inapunguka bila kuvuja, ni spi ya upande wa ambreyaje. Zote mbili zinabadilishwa, zitumikie kushusha bei tu.

Pompe ya mafuta (Yamaha banaiitaka Autolube) iangalie vizuri sana. Bamekanisie bengi ba hapa banaikataka, banasema inaharibu, banakuambia uchanganye mu tanki. Ukikuta imekatwa na pompe haiko, ni pyesi ya orijinale imepotea, uisemee mu bei. Ukiikuta iko, irudishe lakini utoe hewa ku ka-visi ka kupurje mbele ya kuiamini, na katika zile siku za kwanza changanya pia mu tanki, kama mililita 40 ya mafuta ya 2T kwa lita moja. Mafuta ya 4T ya motokari usiweke pale, hata mekanisie akuapie.

Karatasi: omba karte roze na plake, ulinganishe namba na zile ulisoma ku chuma. Kama mwenye moto alikufa, usilipe mama mjane peke yake, banafamilia basainie pamoja, juu kuko siku mujomba atatoka Kolwezi na maneno. Kama karatasi hakuna, pita ku DGI (ofisi ya impo) uulize plake itapatikana namna gani kabla ya kutoa makuta, si nyuma.

Imefika nyumbani. Usiipeleke ku pistole! Pige mapicha kila upande, waya zote, njia ya kila kabli. Osha na maji na sabuni ya vyombo, bila karsheri ya presio, juu maji ya nguvu inaingia mu marulma na inabandua maotokolan. Kutu ya kromu, kamata kapapie ka aliminyumu, kachovye mu maji, sugua taratibu, utashangaa. Rangi yenye imepauka ipake siro tu. Mukwaruzo wa mwaka 1982 uache, hakuna mwenye kuuliza, na ile ukiufunika na rangi mpya bakonesere ndo banaulizaka. Ku mafreni ya zamani usipulize vumbi na mudomo, garniture za ile myaka zilikuwa na amianti. Pangusa na kitambaa chenye maji ukitupe.

Ndani ya tanki kukiwa na kutu, toa robine, ziba tundu, tia vinegre nyeupe ijae, iache siku moja ama mbili. Changarawe ndogo ukizitumia kwa kutikisa, uzihesabu zikiingia na zikitoka. Kisha suuza na maji yenye bikarbonati, ukaushe haraka haraka na jua, uzungushe ndani esansi yenye mafuta ya 2T, maana chuma chenye kimesafishwa kinashika kutu tena palepale. Vinegre isimwagike ku rangi. Na esansi ya bakadafi (benye kuuzisha esansi pembeni ya barabara) ya mu chupa, chuja kwanza, uchafu wake wote unaendaka kulala mu karburateri.

Courant: mingi ya hizi mamoto ni ya volti 6. Ukitia ampule ya 12 itawaka kama mushumaa, na utasikia bantu banasema moto iko na problème wakati problème ni ampule. Tafuta ampule za 6, utie ingine ya akiba mu boksi. Ukitaka kugeuza kwenda 12, fanya na waya ya pembeni bila kukata ya kwanza.

Vumbi yetu ya saison sèche, kuanzia mwezi wa tano paka mvua inyeshe, njo inauaka pistoni. Filtre ya hizi mamoto mara mingi ni ya eponje, na eponje ya miaka 40 inakatikaka vipande na inamezwa na moteri. Kata ingine ya eponje ya filtre, si ya godoro, ioshe na petroli kisha sabuni, ikauke, ipake mafuta, ikamulie. Mu mvua nayo, usifunike na bashe ya plastiki, inafungia unyevu. Shuka ya pamba inatosha. Tanki ijae, robine ifungwe, karburateri ivuliwe esansi, magurudumu yainuliwe ku mbao. Pneu za zamani hata kama ziko na manyoya usizitembeze mbali, tafuta namba ine pembeni, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, bila namba ine ujue ni za mbele ya 2000.

Kila pyesi unayotoa, hata ile mbovu, weka mu sashe na karatasi ya jina lake. Na usiwashe tu mu parsele dakika mbili eti "inapumua". Ama unaitoa unaitembeza paka eshapema ipate moto kabisa na maji ya ndani ikauke, ama unaiacha imelala.