Kumlea mbwa mzee mpaka siku yake ya mwisho

Komando aliletwa kwangu Nzuguni, Dodoma, mwezi wa sita, amelala kwenye gunia ndani ya bajaji. Alikuwa amelinda yadi ya mbao tangu utoto wake. Yadi ilipohama, yeye akaachwa getini. Vijana waliomwokota waliniambia, "Mama, huyu hakuna atakayemchukua. Kaa naye mpaka mwisho, dawa tutanunua sisi." Kama nawe umeombwa hivyo, haya ndiyo niliyoyafanya.

Andikianeni kwanza. Karatasi moja ya daftari inatosha: chakula cha nani, matibabu ya nani, nani apigiwe simu akizidiwa usiku, na nani mwenye uamuzi ikifika siku ya kumpumzisha kwa sindano, asiteseke. Usione haya kutaja hela mapema, maana matibabu ya mbwa mzee hayaishi.

Kisha mwite daktari wa mifugo wiki hiyohiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hata kwa mbwa aliyebakiwa na meno matatu. Na neno "uzee tu" liondoe kabisa mdomoni mwako. Komando alikuwa anachechemea, sote tukasema uzee. Daktari alipomshika mguu akakuta ukucha umejikunja na kuingia kwenye nyama. Alikuwa anasusa chakula, tukasema uzee. Kumbe jino limeoza. Alikuwa mnyonge, ufizi umepauka, na masikio na katikati ya vidole vimejaa kupe. Vyote vitatu vilitibika. Kwa hiyo mpapase kila jioni, kuanzia masikio hadi mkia. Akianza kunywa maji kupita kawaida na kukojoa hovyo, usimgombeze wala kumnyima maji. Huenda ni figo au sukari, mpeleke akapimwe. Ila usimpe panadoli wala diklofenaki yako ya mgongo. Dawa hizo zinaweza kumuua.

Chakula changu ni ugali laini wa uwele na dagaa waliooshwa mchanga, wakachemshwa bila chumvi na kutwangwa. Nampa kidogokidogo mara tatu kwa siku. Vitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana.

Mahali pa kulala ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilimtandikia uani, nikasahau kwamba usiku wa Julai hapa Dodoma baridi hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na ule upepo wetu unapenya kila tundu. Asubuhi alishindwa kunyanyuka. Nikamwingiza ndani, nikampa godoro la zamani la mtoto kwenye kona isiyo na upepo. Lakini sakafu ni vigae, miguu ya nyuma ikawa inateleza na kutawanyika, akaogopa kutembea kabisa. Nilishona magunia yakawa njia moja kutoka godoroni hadi mlangoni. Siku ya tatu alitoka mwenyewe, polepole, akaenda kulala chini ya mwarobaini. Nililia siku ile. Joto la Oktoba na Novemba likija, mtembeze alfajiri tu, na maji yawe palepale kila siku, kwa sababu macho yake yana ukungu na anafuata mazoea.

Masikio nayo yamekufa. Mjukuu wangu nimemfundisha kugonga ardhi kwa mguu kabla ya kumsogelea, asimshike akiwa usingizini. Mbwa akishtushwa anaweza kuuma, hata mpole kama huyu. Jirani yangu ni Mwislamu, na mate ya mbwa yanamlazimu kujitwaharisha. Nilikwenda kwake mapema, tukakubaliana, nikaziba pengo la uzio. Sasa ndiye anayeniuliza, "Mzee ameamkaje?"

Wiki za kwanza usidai mapenzi. Komando alikaa siku 19 akinipa mgongo. Mimi nilikuwa nakaa tu karibu yake nachambua mboga, bila kumgusa.

Kwenye kalenda ya ukutani naweka alama kila siku anayosimama mwenyewe, akala, na akatikisa mkia nikiingia. Daktari ameniambia siku zisizo na alama zikizidi zenye alama, nimpigie, aje na sindano hapahapa nyumbani, asisafirishwe tena. Shimo nimeshachagua pa kulichimba, chini ya mwarobaini, na nitalimwagia maji usiku kucha kwanza, maana udongo wetu wa kiangazi haukubali jembe. Mwezi huu ana alama 24.