Jinsi ya kutengeneza jaketi linalocheza sauti kulingana na mahali ulipo

Unavaa jaketi, unatembea, ukifika kwenye mti fulani linaanza kukusimulia habari za mti huo, ukiondoka linanyamaza, na simu hujaigusa kabisa. Kutengeneza inawezekana na vifaa sio vingi: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo unayoiandikia kodi), moduli ya GPS kama NEO-6M, DFPlayer Mini ya kucheza mp3, memori kadi, betri ya lithiamu na chaja yake, na earphone.

ESP32 ina siriali tatu (njia za kuwasiliana na vifaa vingine), moja ipe GPS nyingine DFPlayer, zote kwa kasi ya 9600. Waya unaoingia RX (pini ya kupokea) ya DFPlayer uwekee rizista ya 1k, inapunguza ule mlio wa zzzz unaosikika nyuma ya sauti. Earphone inaunga kwenye pini za DAC_R, DAC_L na GND za DFPlayer, sio SPK1 na SPK2, hizo ni za spika. Kadi ifomati kwa mfumo wa FAT32, tengeneza folda iitwe mp3, faili ziwe 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea.

Kwenye kodi, laibrari (kodi iliyoandikwa tayari) ya TinyGPSPlus ina distanceBetween, inakupa mita kati ya ulipo na pointi yako, yaani mahali ulipochagua sauti ianze. Sasa hapa ndo pa kuwa makini jamani, GPS haitulii, umesimama palepale yenyewe inasema umesogea mita tatu, mara tano, na karibu na maghorofa ndo inazidi, kwa hiyo ukiweka duara moja la mita 15 na msikilizaji akasimama ukingoni, sauti itakuwa inaanza inakata inaanza inakata mpaka avue jaketi. Weka maduara mawili: sauti ianze akiwa ndani ya mita 15 kutoka kwenye pointi, isizime mpaka avuke 25. Na pointi ziachane zaidi ya mita 50 ili maduara yasiingiliane.

Antena ya GPS ishone begani, upande wa seramiki uangalie juu, ukiificha mfuko wa ndani mwili unazuia mawimbi. GPS ikiwashwa mara ya kwanza inahitaji kama nusu dakika hivi mahali pa wazi kujua ilipo, so rekodi sauti fupi ya "subiri kidogo" mtu asidhani imekufa. Betri na bodi viwe kwenye mfuko unaotoka, maana jaketi litafuliwa.

Kodineti (namba za latitudo na longitudo) za pointi usizitoe kwenye ramani tu, nenda mwenyewe na kifaa, simama kila pointi dakika moja mbili, chukua wastani.