Mshale uwe na kitenzi

Siku ya kwanza nilipowapa Gredi ya Nane ramani ya dhana, yaani mchoro wa maneno yaliyounganishwa kwa mishale, darasa lilipendeza kama siku ya Idi. Kalamu za rangi, maduara, mishale huku na huku. Mada ilikuwa mikoko. Nikamwendea kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, mtoto wa mvuvi, nikaweka kidole juu ya mstari alioutoa kwenye "mikoko" hadi kwenye "samaki". Huu unasema nini? "Ni uhusiano tu, mwalimu." Uhusiano gani? Kimya. Nikazunguka meza zote, jibu lile lile. Nilikuwa nimewafundisha kuchora buibui.

Kosa langu. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoanza kuchora ramani hizi mwaka 1972, walikuwa wanafuatilia uelewa wa watoto katika sayansi unavyobadilika. Walitaka kuona mtoto anaunganisha mambo vipi, na muungano huo umo kwenye maneno ya juu ya mshale. "Mikoko, samaki" haikwambii kitu. "Mizizi huwaficha samaki wachanga" ni kauli: yaweza kuwa kweli, yaweza kuwa uongo, nawe unaweza kuisahihisha.

Kwa hiyo sasa naanza na swali, si mada. Naandika ubaoni: "Mikoko ya Tudor ikikatwa, mvuvi anaumia vipi?" Chini yake naorodhesha dhana 12: mikoko, mizizi, tope, mawimbi, majani, kaa, kamba, samaki wachanga, mvuvi, kipato, kuni, boriti. Mara ya kwanza usiwaachie wazitafute wenyewe, kipindi kitaishia hapo.

Kila kundi la wanne lapata kalenda ya zamani, upande wa nyuma. Dhana zinaandikwa kwenye vipande vya karatasi, moja moja, na gundi marufuku. Hapa sina mjadala. Mtoto aliyechora kwa wino atalitetea kosa lake. Mwenye kipande atakisogeza. Tatizo la Mombasa ni feni: ukiizima wanaloa jasho, ukiiwasha dhana zinarukia dirishani. Sisi tunakandamiza kwa kokoto.

Dhana pana inakaa juu, zilizo finyu chini. Mishale kwa penseli, kila mmoja na kitenzi chake, kisha mmoja wa kundi anasoma kwa sauti: dhana, mshale, dhana. Isipotoka sentensi, futa.

Somo hufundishwa kwa Kiingereza, najua. Lakini ramani ya kwanza naiacha iwe ya Kiswahili, maana kwa Kiingereza wananirudishia kitabu neno kwa neno. Kamba wanamjua tangu soko la Kongowea. Ramani ya pili ndiyo tunaigeuza.

Nimepiga marufuku vitenzi viwili: "kuhusiana" na "kusaidia". Hicho cha pili ndicho kibaya zaidi. Kundi moja liliandika "mikoko inasaidia samaki". Nikauliza, inawasaidia vipi, inawapa nauli? Wakacheka, wakafuta, na baada ya kubishana kidogo wakaja na "kaa hula majani", jambo ambalo halikuwamo kabisa kichwani mwao dakika kumi kabla. Kisha msichana mmoja akavuta mshale mrefu kutoka pembe ya "kuni" hadi pembe ya pili, akaandika juu yake "zikikatwa huwanyima maficho". Isome: kuni zikikatwa huwanyima maficho samaki wachanga. Mishale kama huo, inayovuka kutoka tawi hadi tawi, ndiyo naipa alama nyingi.

Kusahihisha usihesabu maduara. Chagua mishale mitatu, isome, basi. Baada ya wiki mbili wape vipande vile vile na kalenda tupu, ulinganishe.

Asiyejua kitenzi aweke alama ya kuuliza na aiache hapo. Yule kijana wa Likoni aliiweka kati ya "kamba" na "tope", nikamwambia akamwulize babake. Asubuhi akaja mbio kabla ya kengele: kamba hujifukia topeni mchana, usiku ndio hutoka, na babake kacheka kusikia hilo linafundishwa shuleni. Akafuta ile alama, akaandika "hujifukia kwenye".