Biskuti za Krismasi na watoto: donge kanda leo, kukata iwe kesho

Kama unataka kupika na watoto wadogo zile biskuti za kukata nyota na kengele, naomba ushike hili moja kabla ya mengine yote, kazi igawe siku mbili. Mwaka wa kwanza nilifanya yote siku moja, tukapima unga na watoto, tukakanda na watoto, tukakaa kusubiri donge lipoe, na tulipofika kwenye kukata, ambako ndiko kwenye raha yenyewe, mdogo alishachoka analia anataka kulala na mkubwa kashatoka nje kwenye tope. Niliumia sana kwa sababu nilikuwa nimeiwaza ile siku wiki nzima. Mtoto wa miaka mitatu akitulia nusu saa umepata, sasa hiyo nusu saa yake usiimalizie kwenye kupima sukari.

Kwahiyo siku hizi tarehe 23 usiku wakishalala nakanda mwenyewe, tarehe 24 asubuhi tunakata na kuoka, jioni tunapamba.

Vitu vyenyewe: siagi gramu 250, sukari gramu 150, yai 1, unga wa ngano gramu 400, vanila kijiko cha chai, na chumvi kidogo kama siagi yako haina. Huna mzani, chukua kikombe cha mililita 250, sukari robo tatu ya kikombe na unga vikombe 3 na robo. Zinatoka biskuti kama 40 za kiasi. Siagi ya kopo mara nyingi ina maji kuliko siagi halisi ya maziwa, donge linakuwa laini, ongeza unga kijiko kimoja kimoja mpaka liache kushika vidole. Baking powder usiweke kabisa. Najua mkono unaenda wenyewe kwenye kile kikopo kwa sababu ya mazoea ya keki, lakini biskuti ya kukata ikiumuka nyota inageuka duara, na mtoto aliyekata nyota anataka kuiona nyota yake.

Na sukari nimepunguza makusudi. Ukikuta kipimo cha watu wa pwani au cha nje utaona gramu 200, ila sisi Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwenye mwinuko biskuti yenye sukari nyingi inatambaa kwenye trei. Nimejaribu zote mbili, hii ya 150 inashika umbo.

Ukipenda viungo weka tangawizi ya unga kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja, na karafuu ya kusaga kidogo tu ya ncha ya kisu. Mimi napenda sana hii kwa sababu huku kwetu Wamoravian, yaani Wakristo wa Kanisa la Moravian, wako tangu 1891 walipoanza kule Rungwe, na Wamoravian wenzao wa Winston-Salem kule Marekani biskuti yao ya Krismasi inayojulikana ni ya tangawizi, mdalasini na karafuu, nyembamba sana. Ya kwetu tutaifanya nene, nyembamba haiwezi mikono ya mtoto.

Kukanda sasa. Siagi na sukari changanya kwa mwiko mpaka vishikane tu, usipige mpaka viwe vyeupe kama vya keki, hewa ikiingia nyingi biskuti inavimba. Weka yai na vanila, alafu unga kidogo kidogo. Likishashikana acha hapohapo, hii sio chapati, ukilikandakanda unga unakuwa na mvutano, biskuti inajikunja ikiiva na inakuwa ngumu. Gawa madonge mawili, yabonyeze yawe bapa kama maandazi makubwa, weka kwenye bakuli lenye mfuniko.

Hapa ndipo baridi yetu inapotusaidia. Huna friji, bakuli liweke usiku kucha dirishani kwenye chumba ambacho hakijapikiwa, funika vizuri paka na sisimizi wasifike, asubuhi litakuwa gumu la kutosha. Wa Tukuyu na Njombe ndio kabisa hamhitaji friji. Wa Kyela joto lenu mnalijua wenyewe, ombeni nafasi kwenye friji ya jirani, saa moja au mawili linatosha.

Asubuhi tandika mkeka, weka kibao cha chapati chini, sio mezani. Mtoto akipiga magoti juu ya kibao anabonyeza kwa uzito wa mwili wake, mezani anabonyeza kwa vidole tu na umbo halikatiki. Nunua vile vya kukatia kama unavipata, visipokuwepo tumia glasi, mfuniko wa chupa ya chai, kopo la nyanya ambalo ukingo wake hauchani, au chora nyota kwenye boksi gumu safi, ikate, mtu mzima aizungushie kisu. Kusukuma nasukuma mimi, pembeni ya donge nalaza penseli mbili, kifimbo kikipita juu yake unene unakuwa sawa kila mahali, kama milimita 7. Ni nene, ndio, lakini biskuti itainuliwa na vidole vidogo mara kumi kabla haijafika kwenye trei.

Mtoto yeyote ukimpa cha kukatia atabonyeza katikati kabisa ya donge. Kila mtoto. Ukimkatalia anakasirika, kwahiyo usimpe donge zima, mgawie kipande chake cha ukubwa wa kiganja na kibao chake au sinia lake, katikati yake na pembeni yake ni palepale. Cha kukatia achovye kwenye unga kila mara. Yule wa miaka sita unaweza kumfundisha aanzie pembeni na abane maumbo, anaelewa. Mabaki yasukume tena mara moja, mara mbili mwisho, zaidi ya hapo yanakauka. Ukitaka za kutundika kwenye tawi la paini toboa tundu kwa mrija kabla ya kuoka. Na donge bichi wasile, najua wanaliomba, lakini lina yai bichi na hata unga wenyewe mbichi unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, waandalie ndizi pembeni.

Oveni iwe nyuzi 180, dakika 10 hadi 12, ukingo ukianza kuwa wa dhahabu toa hata kama katikati inaonekana laini, itakazana ikipoa. Maumbo ya saizi moja yakae trei moja, la sivyo ncha za nyota ndogo zinaungua wakati kengele kubwa bado.

Wa jiko la mkaa, na ndio wengi wetu hasa umeme ukikatika, chukua sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, juu yake vijiwe vitatu, juu ya vijiwe sinia dogo lililopakwa siagi na kunyunyiziwa unga. Mfuniko uwe bapa, mkaa mwingi uwe juu na chini uache kidogo sana, biskuti ni nyembamba kuliko keki na tumbo lake linaungua haraka. Pasha sufuria dakika 10 kabla hujaweka kitu, alafu chungulia kila dakika 4. Trei ya kwanza weka mbili tu za majaribio.

Hapa naomba tusikilizane. Desemba mvua inanyesha, kuna ubaridi, na tunajua tabia yetu ya kuingiza jiko ndani ili tuote. Usioke na watoto kwenye chumba kilichofungwa chenye mkaa unaowaka. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi na inaua watu waliolala. Okea barazani au jikoni kwenye mlango wazi, na watoto wabaki kwenye mkeka wao mbali na moto, kuoka kote ni kazi ya mtu mzima.

Kupamba kunasubiri biskuti ipoe kabisa, ya moto inayeyusha kila kitu. Aisingi: sukari ya unga gramu 250, maji ya limao na maji ya kawaida vijiko vya chakula 2 hivi, weka kidogo kidogo mpaka ikidondoka kwenye kijiko inachelewa kuzama. Ya ute wa yai mbichi siitumii kwa watoto. Hujapata sukari ya unga, saga sukari ya kawaida kwenye blenda ikiwa kavu kabisa pamoja na kijiko cha konflawa, ya kwetu ya kahawia inatoa rangi ya krimu na inapendeza tu. Rangi: maji ya bitiruti kwa pinki, binzari ncha ya kijiko kwa njano. Kila mtoto apewe bakuli lake dogo na kijiko cha chai, apake kwa mgongo wa kijiko, anyunyizie karanga za kusaga au nazi, ila karanga ujue kwanza kama hakuna mtoto ambaye zinamdhuru.

Msimu huu hewa ina unyevu, aisingi inakauka polepole, ziache usiku mzima zimefunikwa na kawa, usizipange juu kwa juu. Zisizopambwa zikilainika rudisha kwenye moto dakika 3 zitakauka tena. Zikishakauka zote weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, wiki mbili zinakaa vizuri.

Zile zilizopinda, nyota ya miguu minne, kengele yenye alama ya dole gumba, usizikate upya mtoto akiangalia pembeni. Atajua. Ukipanga sahani ya kumpelekea bibi au jirani, weka hizohizo za mtoto juu, umfunikie na kitambaa, abebe mwenyewe.