Ukialikwa vijiji vya Heide, kaskazini mwa Ujerumani: nenda hivi, tazama hivi

Huku kwetu Kilimanjaro, Mwika, Marangu na Machame, hakukosi kijana anayepata mwaliko wa Ujerumani. Mwanakwaya kaalikwa na usharika rafiki, mwingine anakwenda kujitolea, binti anakwenda kusomea uuguzi. Wengi huishia miji mikubwa. Wachache huangukia vijiji vya Lüneburger Heide, nyika ya vichaka iliyo kusini mwa Hamburg, na hao ndio ninaowaandikia, maana ndio wanaorudi wakiniambia, "Mama, kule hakuna cha kuona."

Naelewa neno hilo linatoka wapi. Kilima kirefu kuliko vyote huko, Wilseder Berg, kina mita 169. Sisi pale stendi ya Moshi tu tuko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na bado hujaanza kupanda kwenda popote. Aliyekulia chini ya Kibo, ukimwonesha mita 169 ukamwambia ndio mlima, atakuuliza uko wapi. Lakini Heide haipimwi kwa urefu. Itazame kama mkulima anavyotazama shamba la mwenzake: udongo ni wa namna gani, mifugo gani imepita hapa, nani aliichosha ardhi hii na nani aliiokoa. Ukiingia na maswali hayo, siku moja haitakutosha.

Kama unaweza kuchagua, nenda Agosti. Wenyeji wana kanuni yao: Heide huchanua kuanzia tarehe 8 mwezi wa 8 hadi tarehe 9 mwezi wa 9. Mvua na ukame huisogeza kidogo, ila kanuni ni nzuri. Nje ya majira hayo utakuta vichaka vya kahawia; ndani yake, ardhi ni zambarau mpaka macho yanapoishia. Kichaka chenyewe, nacho huitwa Heide, ni kifupi, hakizidi goti, na maua yake ni madogo kuliko punje ya mchele. Aliyewahi kupanda mlima kwa njia ya Marangu amepita katikati ya ndugu zake, pale juu ya msitu ukishaiacha kambi ya Mandara kuelekea Horombo. Ni jamii moja ya mimea, ila wa kwetu huweza kurefuka ukawa mti.

Kufika si kazi. Hamburg unapanda treni ya mkoa hadi Buchholz au Lüneburg, kama nusu saa hivi. Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Oktoba kuna basi linaloitwa Heide-Shuttle, halina nauli, linapita kijiji kwa kijiji na linabeba hata baiskeli. Saa zao wanazihesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo ukiona 14:10 ujue ni saa nane na dakika kumi mchana, na muda huo ukifika basi linaondoka. Hakuna kusubiri lijae. Kabla hujaanza kutembea, soma kwanza basi la mwisho ni la saa ngapi. Agosti jua huzama kama saa mbili na nusu usiku, na mwanga ule unamfanya mtu wa huku aone bado ni saa kumi jioni.

Shuka Undeloh. Kuna kanisa dogo la mawe ya kuokota mashambani, la zaidi ya miaka 800, na mnara wake wa kengele ni wa mbao, umesimama peke yake pembeni. Ingia, kaa kidogo, kisha shika njia ya kijiji cha Wilsede. Ni kama kilomita nne. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, kwa hiyo ni miguu, baiskeli au gari la farasi. Mimi nakushauri uende kwa miguu na urudi na farasi. Njia ni mchanga. Vaa viatu vya kufunga na suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, kwa sababu kuna kupe na wanaambukiza watu ugonjwa. Jioni jikague mwili mzima.

Ukiwa njiani, tafuta mahali ambapo kingo imemomonyoka, uchuchumae. Juu utaona mchanga wa kijivu, rangi ya majivu kabisa. Chini yake kuna tabaka la rangi ya kutu, gumu, ukiligonga kwa kijiti halikubali. Mvua imeosha rutuba yote ya juu na kuishusha pale chini. Huo ndio ufunguo wa Heide nzima. Kwa karne nyingi wakulima walikata tabaka la juu la ardhi pamoja na vichaka vyake, wakalitandika zizini, mifugo ikalilalia na kulichafua, halafu likapelekwa shambani kama mbolea ya nafaka yao ya mkate mweusi inayoitwa Roggen. Sisi tunatandika majani ya migomba na samadi inarudi kwenye migomba ileile. Wao walichukua huku wakapeleka kule, shamba likanona na porini kukakonda. Kilichoweza kuota kwenye ukondefu huo ni Heide. Kwa hiyo uzuri ule wote ni kazi ya jembe na kwato, na watalii wengi wanapita juu yake bila kujua.

Kondoo utawakuta. Wanaitwa Heidschnucken: manyoya ya kijivu marefu, uso mweusi, miguu myeusi, na wana-kondoo huzaliwa weusi tii. Wanakula Heide yenyewe pamoja na miche ya misonobari na ya miti mingine, na wakiondolewa, msitu unarudi na zambarau inakwisha. Mchungaji anatembea na mbwa. Msalimie, neno lao ni "Moin", linatumika asubuhi hadi usiku, kisha muulize habari za mbwamwitu. Wamerejea eneo lile miaka hii na wafugaji wanahangaika na nyaya za umeme. Mtu wa Kilimanjaro anayejua tembo au ngedere walivyo na shamba, mazungumzo hayo yatamkolea.

Wilsede ni nyumba chache chini ya mialoni mikubwa. Ingia makumbusho yanayoitwa Dat ole Huus. Ni nyumba ya mkulima ya zamani, paa la matete limeshuka karibu kugusa ardhi, na ndani watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, moto katikati. Simama pale mlangoni utazame. Bibi zetu walilala hivyo hivyo kwenye msonge, mbuzi upande huu, mawe ya jikoni pale. Sijui mahali pengine Ulaya ambapo Mchagga anaweza kuingia akajua bila kuelekezwa nani alilala wapi. Ukitoka nje angalia juu ya kipembe cha paa: mbao mbili zimepishana, zimechongwa vichwa vya farasi.

Jirani na hapo, au kokote utakapoona kibanda kirefu kilicho wazi mbele, kuna mizinga ya nyuki. Ile ya zamani ni vikapu vya majani makavu vilivyosukwa na kupakwa kinyesi cha ng'ombe nje. Asali ya Heide ni nzito, haimwagiki kirahisi hata ukiinamisha chupa. Inunue.

Kabla ya kupanda Wilseder Berg, pita ukingoni mwa bonde la Totengrund. Ukisimama pale umkumbuke mchungaji wa kanisa, Wilhelm Bode, wa kijiji jirani cha Egestorf. Mbolea ya viwandani ilipokuja, Heide haikuhitajika tena, ikaanza kupandwa misonobari na kuuzwa viwanja. Bode alikwenda kutafuta fedha kwa watu, na mwaka 1906 Totengrund ikanunuliwa. Wilseder Berg nao ukafuata mwaka 1910. Leo eneo la hifadhi ni kilomita za mraba 234. Mchungaji wa usharika wa kijijini, bila cheo kingine chochote! Kila nikisimulia hili kwenye vikao vyetu vya mazingira, huwa nawaomba wazee wa kanisa wasikilize mara mbili. Kanisa lake la Egestorf, la mwaka 1645, bado lipo, ukalitazame.

Mwenye siku zaidi aende Oldendorf, karibu na Amelinghausen, akaone makaburi ya mawe makubwa ya zaidi ya miaka 5,000. Mawe hayo yaliletwa na barafu ya zama za kale, watu wakayasogeza kwa mikono. Usiyapande.

Walutheri wenzangu, msiache Hermannsburg, upande wa kusini. Mchungaji Louis Harms alianzisha misioni pale mwaka 1849, na mwaka 1853 watu wa vijiji hivi wakapeleka meli yao wenyewe, Candace, ikiwa na wamisionari waliotaka kuwafikia Waoromo wa Ethiopia kwa kupitia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Njia ilifungwa, wakageukia Natal. Waliofika Machame mwaka 1893 walikuwa wa Leipzig, misioni nyingine, na inafaa kulijua hilo kabla hujasimama kutoa salamu za usharika.

Si mbali na Hermannsburg kuna Bergen-Belsen. Nenda, ila siku hiyo usiiunganishe na matembezi mengine. Katika kambi ile ya Wanazi walikufa watu zaidi ya 52,000, na karibu wafungwa wa vita 20,000, wengi wao Wasovieti, walikufa hapohapo pia. Waingereza waliikomboa tarehe 15 Aprili 1945, kisha wakayachoma mabanda kwa sababu ya homa ya chawa. Ndiyo maana hutakuta majengo. Utakuta uwanja, miti, na vilima virefu vya udongo vyenye ukuta wa jiwe mbele, umeandikwa kwa Kijerumani kwamba hapa wamelala maiti 1,000, au 5,000, na Heide imeota juu yake. Anza na jumba la kumbukumbu, usikilize ushuhuda wa walionusurika, ndipo utoke nje. Kiingilio hakuna. Wenyeji wako wanaweza wasilitaje wenyewe. Waombe wewe, kwa upole, na mara nyingi watakwenda nawe.

Mengine ni madogo. Jumapili maduka yamefungwa, nunua chakula Jumamosi. Beba euro za noti, hoteli ndogo za vijijini hazipokei kadi zote. Usichume maua wala kutoka nje ya njia ndani ya hifadhi. Ukikaribishwa keki yenye krimu ya unga wa Buchweizen, nafaka nyingine ya huko, kula, ni nzuri kweli. Na kama ratiba ya wenyeji imekupa siku moja tu ya kuchagua mwenyewe, chagua Undeloh hadi Wilsede, uondoke asubuhi, magari ya farasi yenye wageni hayajaanza kujaa.