Somo: Kuzifuata Nyayo za Waandishi wa Hadithi Fupi Waliosahauliwa

Hadithi fupi, kabla ya kuingia kitabuni, aghalabu huwa imekwisha kupitia jarida, pengine na antholojia moja au mbili, yaani vitabu vya hadithi za waandishi mbalimbali, na kila ilikopita huacha alama. Riwaya mara nyingi haina bahati hiyo. Ndiyo maana naona ni kupoteza muda kutegemea orodha za vitabu bora visivyojulikana, ambazo hurudia majina yale yale. Heri kuzifuata alama zenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuchukua antholojia kongwe na kuisoma kuanzia nyuma. Mfululizo wa The Best American Short Stories, ambao umekuwa ukitoka kila mwaka tangu 1915, una desturi ya kuorodhesha mwishoni hadithi nyingine zilizomvutia mhariri lakini zikakosa nafasi. Waliochapishwa ndani wamekwisha kusomwa na wengi, ilhali hao wa kurasa za mwisho hakuna anayewauliza. Pitia matoleo matatu au manne yaliyofuatana, uandike kila jina usilolijua ambalo limejitokeza zaidi ya mara moja.

Hatua ya pili, tafuta kama mwenye jina hilo aliwahi kupata kitabu chake mwenyewe. Katalogi ya WorldCat, inayounganisha maelfu ya maktaba, itakuonyesha miaka ya matoleo, na unachokitafuta ni mkusanyiko uliotoka mara moja kisha ukafuatwa na kimya. Jihadhari na majina, kwa kuwa wapo waliobadili jina baada ya kuolewa na wapo waliotumia herufi za mwanzo tu.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukikipata kitabu, usikimbilie hadithi ya kwanza. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ambapo mara nyingi huelezwa, kwa herufi ndogo zenye kuchosha macho, kila hadithi ilitoka kwanza katika jarida gani. Tuseme kitabu kina hadithi kumi, na kati ya hizo, saba zilitoka katika jarida moja. Hapo umekwisha kujua kwamba mhariri wa jarida hilo alimwamini mwandishi huyu, na yamkini aliwaamini wengine wa namna yake, basi tafuta matoleo ya miaka hiyo hiyo uone ni nani waliochapishwa jirani naye. Hadithi tatu zisizotajwa popote nazo zisome kwa makini, kwani huenda ni zile ambazo majarida yaliziogopa.

Hatua ya nne ni kusoma tu. Vitabu vilivyochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita havibanwi tena na hakimiliki nchini humo, na vingi vimewekwa katika maktaba za mtandaoni za Project Gutenberg na Internet Archive.

Maswali ya washiriki

Mwalimu, nitajuaje kwamba mwandishi alisahauliwa kwa kuonewa, wala si kwa udhaifu wa kazi yake?

Jibu: Soma hadithi tatu, na iliyopata tuzo isiwe mojawapo. Nikiri kwamba wengi utakaowafukua ni wa kawaida tu. Hata hivyo, sababu za kusahauliwa mara nyingi haziko katika maandishi. Diane Oliver alifariki mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 22, na mkusanyiko wake ukatoka mwaka 2024. Bette Howland alipata tuzo kubwa ya MacArthur mwaka 1984, kisha hakutoa tena kitabu kwa miongo mitatu, hadi mhariri Brigid Hughes alipokutana na kitabu chake cha zamani katika kapu la vitabu vya dola moja mwaka 2015. Hadithi zake zilitolewa upya mwaka 2019, miaka miwili baada ya kifo chake.

Je, si rahisi zaidi kununua matoleo ya wachapishaji wanaofufua vitabu vya zamani?

Jibu: Ni rahisi, ila hapo aliyegundua ni mwingine. Mimi huvinunua kwa ajili ya dibaji, kwa sababu mwandishi wa dibaji hawezi kujizuia kutaja marafiki na wapinzani wa mwandishi anayefufuliwa, na baadhi yao bado hawajafikiwa na mtu.

Na ikiwa mwandishi hakuwahi kupata mkusanyiko kabisa?

Jibu: Basi ukusanye wewe, hadithi moja baada ya nyingine, kutoka majarida ya zamani. Hadithi ambazo Mollie Panter-Downes aliliandikia The New Yorker wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilibaki humo zaidi ya miaka 50, hadi Persephone Books ya Uingereza ilipozitoa kama kitabu mwaka 1999. Anza kwa kuandika daftarini kichwa cha hadithi, jarida, mwezi na ukurasa. Bila ukurasa, mkutubi utakayemwomba nakala atakurudisha ukaanze upya.